Begi la Shule na Mgongo wa Kijana

 

Leo tuzungumzie mzigo ambao tumeuona kila asubuhi mpaka tukauzoea. Simama kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Kimilili, au pale njia za vijijini zinapoingia Bungoma mjini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Utawaona vijana wetu wameinama mbele kama watu wanaopanda mlima, na hali barabara ni tambarare. Shingo imetangulia, mabega yamejikunja, begi linagonga makalio kila wakipiga hatua. Jioni wanarudi hivyo hivyo, wakifika wanalitupa begi sakafuni na kusema, "Mama, mgongo unaniuma."

Wengi wetu hujibu, "Ni hilo begi lako," kisha tunaendelea na kazi. Jibu hilo huenda ni kweli. Lakini pia huenda si kweli, na hapo ndipo penye hatari. Kwa hivyo leo tutajifunza mambo mawili: jinsi ya kumpunguzia kijana mzigo, na jinsi ya kutambua maumivu ambayo hayatokani na begi.

KWA NINI BEGI LIMEKUWA ZITO

Tangu Januari 2023, wakati kundi la kwanza lilipoingia Gredi ya 7, wanafunzi wa sekondari ya msingi, ile tunayoiita JSS, wamekuwa wakisomea katika shule za msingi. Maana yake ni kwamba wengi wao hulala nyumbani na kutembea kila siku. Mwanzoni masomo yalikuwa mengi sana. Mwaka 2024 yakapunguzwa hadi 9. Hata hivyo, kila somo lina kitabu chake na daftari lake, na shule nyingi hazina kabati za kufungia vitabu. Mtoto anaogopa vitabu vikiibwa atatakiwa kuvilipa, basi anavibeba vyote, kila siku, hata vile ambavyo havitafunguliwa.

Hebu tupige hesabu. Vitabu saba vya nusu kilo kila kimoja ni kilo tatu na nusu. Madaftari manane makubwa ya robo kilo ni kilo mbili. Chupa ya maji ya lita moja ni kilo moja, kwa sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ongeza chakula cha mchana, nguo za michezo na begi lenyewe, utapata kilo nyingine moja. Jumla ni kilo saba na nusu. Msimu wa mvua begi likilowa, uzito unaongezeka tena.

KIPIMO NI KIPI?

Madaktari wengi hushauri kwamba begi lisizidi sehemu moja kati ya kumi ya uzito wa mtoto. Nchi ya India iliweka kipimo hicho katika sera yake ya mabegi ya shule mwaka 2020. Wataalamu wengine huruhusu zaidi kidogo, lakini moja kwa kumi ni kipimo kizuri cha kushika, hasa kwa mtoto anayetembea mwendo mrefu.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua uzito wa mtoto, halafu ondoa tarakimu ya mwisho. Kijana wa kilo 50 abebe kilo 5. Msichana wa kilo 42 abebe kilo 4 na kidogo. Sasa rudi kwenye lile begi la kilo saba na nusu. Kwa msichana huyo, ni karibu mara mbili ya kipimo.

Utapima vipi? Mpeleke mtoto na begi lake kwenye duka la nafaka au kinu cha posho ambako kuna mizani. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu pia anaweza kuwa na mizani. Kama huna njia yoyote, tumia mikono yako. Shika pakiti mbili za unga wa ugali za kilo mbili mbili, au magorogoro mawili ya mahindi yaliyojaa. Hizo ni kama kilo nne. Kisha inua begi. Mwenyewe utajua.

BEGI LINAFANYA NINI MWILINI?

Kati ya miaka 10 na 16 mtoto hurefuka haraka sana. Wasichana huanza mapema, wavulana hufuata. Mifupa inarefuka kabla misuli haijapata nguvu ya kutosha kuishikilia. Begi zito likimvuta nyuma, kijana huinama mbele ili asianguke. Misuli ya shingo, mabega na kiuno inafanya kazi bila kupumzika, na ndiyo inayouma jioni. Mikanda myembamba nayo hubana mishipa ya fahamu iliyo begani, na mtoto atakuambia mikono inakufa ganzi au vidole vinamchoma.

Lakini ni lazima tuseme ukweli wote. Watu wengi wanaamini kwamba begi hupindisha uti wa mgongo wa mtoto milele. Hilo halijathibitishwa. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 69 kuhusu mabegi ya shule na maumivu ya mgongo. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba uzito wa begi peke yake ndio unaoleta ugonjwa wa mgongo. Walichokiona katika utafiti mmoja ni kwamba mtoto anayelihisi begi lake kuwa zito ndiye ambaye maumivu yake huelekea kuendelea.

Tunajifunza nini hapo? Kwanza, tusimtishe mtoto kwamba atakuwa kibiongo. Kutembea ni kuzuri na mgongo umeumbwa kubeba. Pili, mtoto akisema ni zito, mwamini. Tatu, na hili ndilo kubwa, begi lisiwe kisingizio cha kila maumivu.

MAMA, WEWE NI FUNDI WA KUBEBA

Hakuna anayejua kubeba mgongoni kuliko mama. Umembeba mtoto kwa leso tangu akiwa mchanga. Ulimfunga wapi? Ulimfunga juu, akakubana mgongoni, na leso ikakaza. Leso ilipolegea mtoto akateremka hadi kiunoni, ulihisi nini? Mgongo uliuma mara moja, ukasimama ukamfunga upya.

Begi ni vivyo hivyo. Mfundishe kijana wako hivi:

Kwanza, avae mikanda yote miwili. Kuning'iniza begi bega moja ni mtindo wa vijana, lakini huvuta mwili upande mmoja.

Pili, akaze mikanda mpaka begi lishikane na mgongo. Sehemu ya chini ya begi isiteremke chini ya kiuno.

Tatu, vitabu vizito vikae ndani kabisa, karibu na mgongo, na vimesimama wima. Vitu vyepesi vikae nje. Vitabu vikirundikana mbali na mgongo, begi lilelile litahisiwa kuwa zito zaidi.

Nne, asilinyanyue kwa kuinama kiuno na kulirusha begani. Aliweke juu ya meza au benchi, ageuke, avae mkanda mmoja kisha wa pili. Kama liko chini, apige magoti, alishike kwa mikono miwili.

Ukienda kununua begi kwenye mitumba, usitazame picha na rangi peke yake. Tafuta lenye mikanda mipana iliyojazwa sponji, lisilopita upana wa mgongo wa mtoto, na lenyewe likiwa tupu liwe jepesi. Lenye mkanda wa kufunga kiunoni ni bora zaidi. Mkanda ukikatika upande mmoja, mpelekee fundi wa viatu aushone siku hiyo hiyo. Mkanda mwembamba unaweza kushonewa kitambaa kizito kilichokunjwa ili usimkate begani.

Wakati wa mvua, kipande cha turubai lililochakaa la kuanikia mahindi kinatosha kufunikia vitabu ndani ya begi. Na mtoto anayepanda bodaboda, begi zito mgongoni linaweza kumvuta nyuma pikipiki inapopanda kilima. Mwambie mwendeshaji aliweke begi mbele yake. Tena kumbuka sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwenye bodaboda.

DAWA YA BEGI ZITO NI JIONI

Uzito wa begi haupunguzwi asubuhi wakati kila mtu anakimbia. Unapunguzwa jioni. Baada ya kazi za shule, kijana atoe kila kitu ndani ya begi. Utashangaa: magazeti, mawe, viatu, madaftari ya muhula uliopita. Kisha achukue ratiba ya masomo ya kesho na apange vitabu vya kesho tu. Nakili ratiba hiyo na uibandike ukutani, ili hata wewe mlezi uione.

Nunua madaftari membamba. Daftari la kurasa 96 likijaa unanunua jingine. La kurasa 200 mtoto analibeba lote hata kama ameandika kurasa kumi. Kama shuleni kuna maji safi ya kunywa, aende na chupa tupu aijaze huko. Kama hakuna maji salama, abebe ya nyumbani. Ni afadhali kupunguza daftari kuliko kukosa maji.

Watoto wanaoketi dawati moja wanaweza kugawana: huyu alete kitabu cha Hisabati, yule cha Kiswahili. Lakini wakubaliane na mwalimu kwanza, ili mmoja akikosa kuja, mwenzake asiadhibiwe.

ZUNGUMZENI NA SHULE

Katika mkutano wa wazazi wa darasa, jambo hili linastahili dakika kumi. Usiende kulaumu. Nenda na begi, lipimwe mbele ya watu wote. Kisha mwombe mwalimu wa darasa mambo matatu: ratiba ifuatwe ili watoto wasibebe vitabu vya akiba, kamusi, atlasi na Biblia au Kurani za somo la dini zibaki shuleni, na wazazi wachange mbao au kabati kuukuu lenye kufuli, mwalimu ashike ufunguo. Kabati moja laweza kuwaondolea watoto wa darasa zima kilo kadhaa kila siku.

KUNA MIZIGO MINGINE

Sasa mama, tujitazame na sisi. Kijana ametua begi la kilo saba. Kabla hajakaa, tunamwambia, "Chukua mtungi uende kisimani." Mtungi wa lita 20 ukijaa ni kilo 20. Hiyo ni karibu mara tatu ya begi tunalolilalamikia. Wakati wa kupanda, mfuko wa mbolea ni kilo 50. Wakati wa kuvuna, gunia la mahindi ni kilo 90, na kuna wavulana wa miaka 14 wanaoinua gunia hilo kuonyesha kwamba wamekuwa wanaume.

Hatusemi watoto wasifanye kazi. Kazi ya nyumbani ni malezi. Tunasema mzigo ulingane na mwili. Ajaze mtungi nusu, aende mara mbili. Apumzike kidogo na kula kitu kabla ya kwenda. Mbolea igawanywe kwenye ndoo. Gunia la kilo 90 aachiwe mkokoteni na watu wazima. Na kazi hizi zigawanywe kwa wavulana na wasichana sawasawa, maana mara nyingi msichana ndiye anayetoka kwenye begi akaingia kwenye mtungi, kisha kwenye kuni, kisha kumbeba mdogo wake.

Mfundishe pia kunyoosha mwili dakika tano kabla ya kulala. Apandishe mabega hadi masikioni, ayashushe, mara kumi. Apige magoti na kuweka mikono kwenye mkeka kama paka, ainue mgongo juu, aushushe taratibu, mara kumi. Kisha alale chali, akumbatie magoti kifuani. Zoezi lolote likizidisha maumivu, aliache. Kijana anayecheza mpira, kukimbia na kuruka kamba ana mgongo wenye nguvu kuliko anayekaa kitako siku nzima.

SEMA NAYE KWA UPOLE

Vijana hawapendi kusemwa. Ukianza na "Wewe huwa huambiliki," masikio yamefungwa. Jaribu hivi: "Mwanangu, begi lako nimeliinua nikaona ni zito. Hebu tulipime pamoja." Acha mwenyewe achague cha kuacha. Akikataa kuvaa mikanda miwili kwa sababu wenzake watamcheka, mwambie ajaribu siku tatu njiani tu, akifika getini avae atakavyo.

Pia tazama kama kuna jambo jingine nyuma ya kuinama. Msichana ambaye matiti yanaanza kuota huweza kuinama ili yasionekane. Yule aliyerefuka kuliko wenzake huinama ili awe sawa nao. Hao hawahitaji begi jipya. Wanahitaji mama, shangazi au nyanya wa kuwaambia kwamba mwili unaokua si aibu.

MAUMIVU YASIYO YA BEGI

Wapenzi wasikilizaji, hapa naomba mtege sikio. Maumivu ya begi yana tabia yake. Huja jioni, hupungua mtoto akipumzika, hupungua zaidi Jumapili na wakati wa likizo. Kwa hivyo fanya jaribio hili. Punguza begi na mtungi kwa wiki mbili. Maumivu yakiisha, shukuru. Yakibaki vilevile, usilaumu begi tena. Mpeleke kituo cha afya.

Na kuna dalili ambazo hazingoji wiki mbili:

Maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, au yanayozidi hata akiwa amelala.

Maumivu pamoja na homa, kutokwa na jasho usiku, kukonda au kukosa hamu ya chakula.

Uvimbe au nundu katikati ya mgongo.

Maumivu baada ya kuanguka mtini au ajali ya bodaboda.

Miguu kuwa dhaifu, kufa ganzi, au mtoto kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hii ni dharura. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini tunasisitiza? Kwa sababu kifua kikuu hakikai kwenye mapafu peke yake. Kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kuula polepole. Mtoto analalamika mgongo, sisi tunasema ni begi, miezi inapita, siku moja anashindwa kusimama. Kama kuna mtu nyumbani aliyekuwa na kikohozi kirefu au aliyetibiwa kifua kikuu, mwambie daktari. Ugonjwa huu unatibika, na dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Anayewahi hupona vizuri kuliko anayechelewa.

Jambo lingine ni uti wa mgongo unaopinda upande. Huonekana zaidi wakati wa kurefuka, hasa kwa wasichana, na mara nyingi chanzo chake hakijulikani. Mwambie mtoto asimame miguu pamoja, ainame mbele, mikono ikining'inia. Tazama kutoka nyuma. Je, upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine? Akisimama, je, bega moja liko juu? Ukiona hivyo, mpeleke akaguliwe. Kazi hii ifanywe na mama au shangazi kwa heshima, mtoto akiwa na blauzi nyepesi.

Anza na zahanati iliyo karibu. Wao watakuelekeza, ikihitajika, kwa hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitale au Bungoma. Usimpe mtoto dawa za maumivu za dukani kila siku. Zinaficha ugonjwa na nyingine huumiza tumbo. Wala usimpeleke kwa mtu wa kuvuta na kukanyaga mgongo kabla hajapimwa.

TUKUMBUSHANE

Begi lisizidi sehemu moja kati ya kumi ya uzito wa mtoto.

Mikanda miwili, begi juu na limekaza, kama mtoto kwenye leso.

Pangeni begi jioni kwa kufuata ratiba ya kesho.

Mtungi, kuni na gunia ni mizigo pia.

Punguza mzigo wiki mbili. Maumivu yakibaki, nenda kituo cha afya. Dalili za hatari zikionekana, usingoje.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Begi la kijana wako lina kilo ngapi leo? Yeye ana kilo ngapi?

2. Ni vitabu gani vinavyoweza kubaki shuleni, na ni nani atakayezungumza na mwalimu?

3. Nani nyumbani kwako hubeba maji mengi zaidi, na kazi hiyo inaweza kugawanywa vipi?

4. Ni mtoto gani kijijini mwenu amelalamika mgongo kwa muda mrefu bila kupimwa?

Swali hilo la nne lijibuni wiki hii, msilingoje kipindi kijacho.